Barua Iliyofunguliwa Hewani

Foleni ya ofisi ya vifurushi pale stendi ya mabasi ilikuwa imetoka mpaka nje ya mlango, na Dada wa Saa Mbili hakuwa na muda wa kuwa mkia wa mtu yeyote. Ilikuwa saa moja na dakika ishirini asubuhi. Saa mbili kamili alitakiwa awe ameketi mbele ya kipaza sauti, mgongo umenyooka, anausalimia mji mzima. Basi akajipenyeza pembeni, gauni lake la bluu lenye madoa meupe limepigwa pasi mpaka linakata, akafika dirishani na kusema kwa ile sauti yake:

"Samahanini jamani, nina kifurushi kimoja tu cha redio."

Watu waligeuka. Sauti ile walikuwa wakiamka nayo kila siku kwa miaka tisa, ingawa wengi hawakuijua sura yake. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Huyu si Dada wa Saa Mbili? Mpisheni, jamani." Foleni ikafunguka. Wakapisha wote isipokuwa mwanamume mmoja aliyekuwa wa kwanza dirishani, mrefu, amevaa shati la kijivu lenye doa la mafuta ya mashine kwenye mkono.

"Foleni inaanzia kule," alisema bila kugeuka.

"Kaka, mimi natangaza saa mbili."

"Na mimi nafungua saa mbili."

"Hunijui?"

Hapo ndipo alipogeuka, akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatu vya kisigino. "Anayekupigia pasi namheshimu. Wewe sikujui. Sina redio."

Dada wa Saa Mbili alikasirika, tena sana. Kisha akajikuta anacheka, maana katika mji ule kukutana na mtu asiye na redio ilikuwa sawa na kukutana na mtu asiye na jirani. Mwanamume alipopewa boksi lake alimwambia karani, "Mpe na huyu lake, asije akatusema hewani."

Wakatoka pamoja. "Kazi gani hiyo isiyotaka redio?" alimuuliza.

"Natengeneza cherehani. Ugonjwa wa cherehani huusikia kabla hujauona. Redio ikiongea, mashine inanificha."

"Kwa hiyo mimi ni kelele."

"Bado sijajua. Sema neno jingine nipime."

Alisema maneno mengi, yote ya kumkoromea, na alifika kazini zikiwa zimebaki dakika nne.

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya soko, yenye mlingoti mrefu uani. Mwenye nacho alikuwa shangazi yake, dada wa baba, mwanamke mkavu aliyekianzisha na marehemu mumewe na hakuona sababu ya kubadilisha kitu tangu hapo. Muziki ulipigwa kwa santuri. Taarifa ya habari ilisomwa kwa kusimama. Watangazaji walivaa kama wanaokwenda harusini, kwa kuwa Shangazi aliamini msikilizaji husikia shati ambalo halijapigwa pasi. Mlangoni palikuwa na kasha la mbao lenye tundu juu, na humo watu walitumbukiza kadi na barua za salamu. Kwa kadi hizo Shangazi alikuwa na sheria moja asiyoitania: hakuna kuzisoma kabla. Kila saa mbili na nusu kasha lililetwa mezani, na bahasha ikafunguliwa hewani hapo hapo, ili furaha ya mwandishi itoke mbichi kwenye sauti ya msomaji. Mji mzima ulilijua kasha hilo, na waliotaka siri walikaa nayo majumbani kwao.

Siku ile ya foleni, mkanda wa mashine ya santuri uliotoka kwenye boksi haukuenea. Santuri zilikuwa zinaburuza maneno, waimbaji wote wamekuwa walevi. Dada wa Saa Mbili alifikiri kidogo, kisha akatafuta namba ya mtengenezaji pekee wa cherehani aliyekuwepo mjini.

"Fundi, ni mimi kelele ya asubuhi."

"Nimekutambua. Una ugonjwa gani?"

"Si mimi, ni mashine."

"Wote husema hivyo."

Alikuja jioni na mfuko wake wa bisibisi, akainamia mashine ya santuri, akaiwekea sikio kama daktari, akakata mkanda wa cherehani ya mguu na kuuunga upya. Waimbaji wakalevuka. Shangazi mwenyewe, asiyesifu mtu, alimkaribisha chai.

Kuanzia hapo walikuwa wawili. Miezi miwili walitembea pamoja kila jioni, kutoka soko linapofungwa mpaka taa za barabarani zinapowaka. Dada wa Saa Mbili alimwita Mzee wa Kimya. Fundi alimwita Bibi Foleni. Simu zao zilikuwa fupi na za vituko.

"Nunua redio basi, laazizi, unisikilize."

"Ya nini? Nikikutaka napiga simu, unaniongelesha mimi peke yangu. Redioni nitakugawana na wauza mitumba."

"Una wivu na mji mzima?"

"Nusu yake. Nusu nyingine ni wanawake."

Utani Fundi aliuweza. Neno lenyewe ndilo hakuliweza. Mara nyingi alisimama, akavuta pumzi, akasema "Nilitaka kukwambia," halafu akamwambia habari za bobini, kile kigurudumu cha uzi cha cherehani. Dada wa Saa Mbili aliliona lile neno limemkaa kooni, akalisubiri kwa raha zake. Alijua litatoka.

Lilitoka Jumanne moja, saa mbili na nusu asubuhi, na lilitokea mdomoni mwa Dada wa Saa Mbili mwenyewe.

Bahasha ilikuwa ya nne kutoka kwenye kasha. Nyeupe, haina jina la nje. Akaifungua mbele ya kipaza sauti, akaanza kusoma kwa sauti yake ya asali: "Mpenzi wangu, wiki nzima nimejizoeza mbele ya kioo kukwambia maneno haya, na kioo kimenielewa. Nikikuona wewe, yananikwama. Juzi nimeiambia..."

Akasita. Barua za wanaume waliompenda kwa sauti tu alizipokea kila wiki, na kwa miaka tisa alikuwa na namna yake ya kuzimaliza: utani mmoja, kicheko, santuri. Hakufika hata kwenye nukta. Akacheka kile kicheko kilichopendwa na mji mzima, akasema, "Wasikilizaji, ndugu yetu huyu namshauri akioe hicho kioo, maana kimeshamkubali." Akashusha sindano kwenye santuri.

Muziki ulipokuwa unapigwa, akaimalizia barua kwa macho.

"Juzi nimeiambia cherehani ya mguu, nayo haikukataa. Najua unapata barua za watu wanaojua kuandika. Mimi najua kutengeneza tu. Naomba Jumapili twende kwa mama yangu nimwambie wewe ndiye, na kama utakubali, tuoane. Kama hutaki, usijisumbue kutafuta maneno. Cheka tu kama unavyocheka siku zote, nami nitaelewa, na hatutaliongea tena. Fundi wako."

Akaelewa. Fundi alikuja asubuhi, akakuta taa nyekundu ya kuzuia watu wakati wa matangazo inawaka mlangoni, akaona kasha la barua, akatumbukiza. Mtu mwingine yeyote mjini asingefanya kosa hilo. Lakini mtu mwingine yeyote alikuwa na redio.

Alimpigia simu santuri ile ile ikiwa inazunguka. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Baada ya kipindi alishuka mbio mpaka kwenye baraza la washonaji, ambako kibanda cha Fundi kilitazamana na cherehani kumi na mbili za wanawake na redio yao moja kubwa. Kibanda kilikuwa kimefungwa.

"Ametoka," alisema Mama Vifungo, mkubwa wa washonaji, bila kuinua mguu kwenye cherehani yake. "Leo aliacha mlango wazi, na si kawaida yake. Nikamuuliza, leo vipi? Akasema anataka kusikia sauti ya mtu. Basi ukamsikilizisha."

"Mlijuaje ni yeye?"

"Hatukujua. Tulicheka kama watu wengine. Kisha tukamwona amesimama pale, bisibisi mkononi, uso umemshuka. Hapo hata mjinga angejua." Mama Vifungo akakata uzi kwa meno. "Hawa wasichana hawana breki. Walimwimbia 'kioe kioo' mpaka akafunga mlango akaondoka. Na kile kiwanda cha sare cha mji mwingine, kilichomwita mara mbili akakataa? Leo amekipigia mwenyewe. Jumamosi anapanda basi."

Siku nne. Dada wa Saa Mbili alizihesabu akiwa amesimama pale pale, na akajiambia kwamba huyu mtu hataondoka akiamini kwamba amejibiwa.

Jumatano mchana alimkuta Fundi anafunga vyombo vyake kwenye masanduku. Hakumkaribisha, lakini hakumfukuza.

"Mpenzi, sikujua ni yako."

"Niliandika ukicheka nitaelewa. Umecheka, nimeelewa. Tulikubaliana hatutaliongea."

"Mimi sijakubaliana na mtu. Sikuwa nimefika huko kwenye barua. Lile ni kasha la kadi, hufunguliwa hewani, kila mtu anajua."

"Kila mtu mwenye redio."

"Ningekuwa nimeisoma peke yangu, nisingecheka."

Fundi alifunga bisibisi tatu kwenye kitambaa, polepole. "Nakuamini," alisema. "Lakini hukujua ni mimi, na bado ulicheka. Ulidhani ni mtu mwingine. Huyo mwingine angekuwepo kweli, naye amejizoeza kwenye kioo wiki nzima. Yeye angekuwa amekosa nini?"

Dada wa Saa Mbili aliaga. Alirudi nyumbani kwa miguu, huku akiwakumbuka wanaume wa miaka tisa, mmoja baada ya mwingine, na utani aliomfanyia kila mmoja. Alilia njiani bila kujificha, na hakuna aliyemtambua, kwa kuwa hakufungua mdomo.

Alhamisi Shangazi alimwita ofisini. Alikuwa amevaa suti yake ya kahawia na miwani imening'inia kifuani.

"Kosa la hewani husahihishwa hewani," alisema Shangazi. "Saa ile ile, sauti ile ile. Hiyo ndiyo sheria ya nyumba hii, na siku mbili zimepita. Kesho saa mbili na nusu utamwomba radhi."

"Hapana, Shangazi."

Shangazi aliivaa miwani ili amwone vizuri. "Umesema?"

"Nikimtaja tena hewani, nimemvua nguo mara ya pili. Watu watapiga makofi, watasema Dada wa Saa Mbili ana moyo mzuri, nami nitapendeza. Yeye atapanda basi la kesho hiyo hiyo badala ya lile la Jumamosi. Hewani kwangu ni rahisi, Shangazi. Hewani simwoni mtu."

"Kwa hiyo?"

"Nitasahihisha pale waliposikia. Mdomo mtupu, macho kwa macho. Kesho saa mbili, sitakuwepo studio."

"Miaka tisa hujakosa kipindi. Hata ulipougua surua."

"Kesho nakosa."

Shangazi aliivua miwani. "Ukikosa," alisema, "usirudi kukaa kwenye kile kiti mpaka nikuite mimi."

"Sawa, Shangazi." Alisema hivyo kwa adabu zote, akatoka. Kiti kile alikipenda. Lakini upendo wake kwa Fundi ulikizidi kiti, na ilimshangaza kidogo jinsi alivyolijua jambo hilo bila kulipima.

Ijumaa aliamka alfajiri, akapiga pasi gauni lake la njano la kola nyeupe, akaliona la sherehe mno, akalivua, akavaa la bluu la kila siku. Saa mbili kasoro dakika tano alikuwa amesimama katikati ya baraza la washonaji. Cherehani kumi na mbili zilikuwa zinakimbia. Redio ilitoa mlio wa saa mbili, kisha ikasikika sauti kavu ya Shangazi, ambaye hakuwa ametangaza kwa miaka mingi: "Wasikilizaji, mtangazaji wenu ana udhuru. Yuko kazini kwingine."

Mama Vifungo alimtazama mgeni wake juu ya miwani, akanyoosha mkono, akaipunguza redio.

"Jamani," alianza Dada wa Saa Mbili. Sauti ilitoka nyembamba, ikakwaruza. Bila kipaza sauti ilikuwa sauti ya mwanamke yeyote. "Jamani, naomba mnisikilize kidogo. Jumanne nilifungua barua ya mtu, nikaifanyia mzaha kabla sijaimaliza. Mlicheka kwa sababu nilianza mimi."

"Sisi tulicheka wenyewe," alisema msichana mmoja wa nyuma. "Usitunyang'anye."

"Haya, mlicheka wenyewe. Lakini utani ule nimeuzoea miaka tisa, na kila mara kuna mtu aliyekwenda nyumbani ameinamisha kichwa, na mimi sikuwahi kumwona. Nimemwona safari hii. Sitaufanya tena. Na wimbo ule wa kioo, kama mna wa kuimbiwa, niimbieni mimi. Aliyestahili kuchekwa ni mimi."

Hakuna aliyeimba. Cherehani zilikuwa zimenyamaza karibu zote. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi, na Fundi alikuwa amesimama hapo, kamba ya kufungia sanduku ikiwa mkononi. Dada wa Saa Mbili akamfuata mpaka pale.

"Unataka nini?" Fundi alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Nijibu barua."

"Ilishajibiwa."

"Ilijibiwa na mtu ambaye hakuisoma. Mimi nimeisoma mara kumi na nne. Ya kwanza nilisoma kwa hofu, zilizobaki kwa kujuta."

"Haya. Jibu."

Akafungua mdomo. Alikuwa amejipanga tangu usiku, sentensi tatu safi, za kuanza na za kumaliza. Hazikuja. Alimtazama Fundi usoni, akaona anavyosubiri.

"Yamekwama," alisema.

"Wewe?"

"Mimi."

Fundi hakumcheka. Hakumsaidia pia. Alisubiri tu, kama anavyosubiri mashine ijiseme yenyewe. Kamba ilimlegea mkononi.

"Mpigie mama yako," alisema Dada wa Saa Mbili.

"Nimwambie nini?"

"Wewe usimwambie kitu. Barua yako ilisema Jumapili twende kwake. Nataka asikie jibu kutoka kwangu."

"Mama naye alisikia Jumanne. Yeye ana redio."

"Ndiyo maana nataka umpigie."

Fundi alimwangalia usoni. Kisha akatoa simu mfukoni, akabonyeza, akampa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni yule wa Jumanne," alinong'ona. "Niliyecheka."

"Sema kwa sauti, mwanangu, sikusikii."

Mama Vifungo alijiziba mdomo kwa kitambaa alichokuwa anashona. Dada wa Saa Mbili alivuta pumzi, akanyoosha mgongo, akalisahau baraza zima.

"Mimi ndiye niliyemcheka mwanao redioni, mama. Nilikosa, na nimekosa tena kukwambia kwenye simu badala ya kuja na kupiga magoti, lakini kesho anapanda basi na sina siku nyingine. Nampenda. Nilimpenda kabla ya barua. Ameniuliza kama nitakubali anioe, na mimi nakubali. Kama hataki tena, basi nimekuja mimi kumposa, nijibiwe mimi."

Upande wa pili mama akakohoa. "Maneno hayo nimeyasikia. Yeye mwenyewe anasemaje?"

"Mama anauliza unasemaje."

Fundi aliiweka kamba chini. Washonaji kumi na wawili walimkazia macho, naye hakuwaangalia hata mmoja. Alisogea, akaichukua simu kutoka mkononi mwake, na ule mkono hakuuachia.

"Mama," alisema.

"Nakusikia. Na lile basi la kesho?"

"Litaondoka, mama. Wewe Jumapili pika cha watu watatu."